Ndege wa Mwituni na Sheria

Mbuzi akipotea, mwenyewe atamtafuta. Akiuawa, mwenyewe atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, na aliyemwua atalipa. Lakini mbayuwayu anayeruka jioni juu ya uwanja wetu wa mpira hana mwenyewe. Akiuawa, nani atamdai? Hakufugwa na mtu, hakununuliwa sokoni, wala hatakaa hapa siku zote. Mwezi wa Aprili ukiisha atakuwa amekwenda zake Ulaya. Basi sheria, ambayo tangu zamani kazi yake kubwa ni kuamua hiki ni cha nani na kile ni cha nani, kwa muda mrefu haikuwa na la kusema juu yake.

Katika Chama chetu cha Mdahalo muhula uliopita, kijana mmoja alisimama akasema kwamba sheria za kuwalinda ndege ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba serikali yenye kazi ya kujenga barabara na hospitali isipoteze wakati wake kwa korongo na yangeyange. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, walakini sikutaka kumjibu pale pale, maana hoja yake ilistahili jibu refu kuliko zile dakika tatu tunazopewa. Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, nami namshukuru.

Nimechagua mfano wa Marekani. Sikuuchagua kwa kuwa Wamarekani ni wema kwa ndege kuliko watu wengine. Mtaona wenyewe jinsi walivyowaangamiza. Nimeuchagua kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri, kesi zake zilisikilizwa mahakamani mbele ya watu, na sheria yenyewe, iliyotungwa mwaka 1918, imeshambuliwa na kutetewa mara nyingi hata twaweza kuziona nguvu zake na udhaifu wake.

Tuanze na njiwa. Katika Amerika ya Kaskazini alikuwako njiwa mmoja wa mwituni, msafiri, ambaye makundi yake yalikuwa makubwa hata yalipopita yalifunika jua kwa saa nyingi. Wataalamu hukadiria kwamba walikuwa kati ya bilioni 3 na bilioni 5. Watu waliwapiga kwa bunduki, wakawanasa kwa nyavu, wakaiangusha miti yenye viota ili kuyapata makinda. Reli ilipofika, nyama yao ilipelekwa mijini kwa mapipa. Na simu ya maandishi iliwaambia wawindaji mahali makundi yalipotua. Tena njiwa huyu alitaga yai moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1857 watu wachache katika jimbo la Ohio waliomba itungwe sheria ya kumlinda. Kamati ya Seneti ya jimbo hilo ilitazama shauri hilo ikajibu kwamba njiwa huyu huzaana sana, wala hahitaji ulinzi wowote. Njiwa wa mwisho wa kabila lile, jike aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 ndani ya tundu lake katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Mji wa Cincinnati uko katika jimbo lile lile la Ohio. Kati ya jibu la kamati na kifo cha Martha ilipita miaka 57, yaani umri wa mtu mmoja ambaye hata hajawa mzee sana.

Nawaomba mkumbuke jibu lile la kamati, maana ndilo jibu tunalolisikia mpaka leo, na hapa kwetu pia: ndege ni wengi, hawawezi kwisha.

Njiwa aliuawa kwa ajili ya nyama. Wengine waliuawa kwa ajili ya kofia. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wenye mali wa New York, London na Paris walipenda kofia zilizopambwa kwa manyoya, na mara nyingine kwa ndege mzima aliyekaushwa, macho ya kioo na mabawa wazi kama anaruka. Mwaka 1886 mtaalamu wa ndege aitwaye Frank Chapman alitembea alasiri mbili katika mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia kichwani mwa wapita njia. Alihesabu kofia 700, na katika hizo 542 zilikuwa na manyoya au ndege. Aliweza kuwatambua ndege wa aina 40. Mimi hupenda sana hesabu hii. Hakuhubiri wala hakugombana na mtu. Alitembea tu na kuandika.

Manyoya yaliyotafutwa kuliko yote yalikuwa ya yangeyange. Sisi twamfahamu yangeyange, maana humwona kila siku akifuata ng'ombe. Na aina zile za Marekani ni ndugu zake. Wakati wa kutaga, yangeyange huota mgongoni manyoya marefu, mepesi, meupe kabisa, ambayo wakati mwingine wa mwaka hayako. Hapo ndipo ubaya wa biashara ile ulipokuwa. Mwindaji hakuweza kungoja mpaka makinda yakue, kwa sababu manyoya yangekwisha kuanguka. Ilimpasa kwenda kwenye viota wakati ndege wameatamia au wanalisha, na ndege hao hawakukimbia mbali, maana hawakutaka kuacha watoto wao. Aliwaua wazazi, akachuna ngozi ya mgongo, akaondoka. Makinda yalibaki viotani yakilia mpaka yakafa kwa njaa na jua. Kwa hiyo kila aliyeua ndege mmoja mkubwa aliua na kizazi kilichomfuata, na msitu mmoja wa viota uliweza kumalizwa kwa siku chache. Mwaka 1903 wawindaji walilipwa dola 32 kwa wakia moja ya manyoya. Wakati huo wakia ya dhahabu ilikuwa dola 20 na kitu. Mtu maskini wa kinamasi cha Florida, aliyeona dhahabu ikitembea juu ya miguu miwili, ungemwambia nini?

Wa kwanza kusimama walikuwa wanawake. Mwaka 1896, katika mji wa Boston, Harriet Hemenway na binamu yake Minna Hall walichukua kitabu chenye majina ya watu wakubwa wa mji, wakawaalika wanawake wenzao kunywa chai, na wakiwa katika chai wakawaomba waache kuvaa manyoya. Wanawake kama 900 wakakubali. Chama chao kilizaa vyama vingine katika majimbo mengi. Wanawake hao hawakuwa na kura. Katika nchi nzima ya Marekani wanawake walipata kura mwaka 1920. Hata hivyo walijua kwamba bila wanunuzi soko hufa, na walijua pia kwamba si wanunuzi wote watakaokubali kwa chai. Kwa hiyo waliwashika wanaume zao na wabunge wao mpaka sheria zikatungwa. Mwaka 1900 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Mbunge John Lacey, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo hata jimbo wanyama na ndege waliouawa kinyume cha sheria ya jimbo walikotoka.

Hapa sina budi kumtaja Guy Bradley. Alikuwa kijana wa Florida, na katika ujana wake yeye mwenyewe aliwinda yangeyange kwa ajili ya manyoya. Baadaye aliacha, na mwaka 1902 aliajiriwa kuwa bwana nyama wa kulinda viota vya kusini mwa Florida, nchi ya maji na mikoko ambayo mtu mmoja mwenye mashua hawezi kuizunguka yote. Aliwajua wawindaji wote, maana walikuwa jirani zake. Tarehe 8 Julai 1905 alisikia milio ya bunduki kisiwani karibu na nyumbani kwake, akaenda kwa mashua kumkamata mtu mmoja na wanawe. Alipigwa risasi akafa. Aliacha mke na watoto wawili wadogo. Aliyempiga, Walter Smith, alikwenda mwenyewe Key West kujitoa, akasema alijitetea tu. Baraza la wazee wa mahakama lilisikiliza ushahidi likaona hautoshi kumshtaki. Hakuhukumiwa kamwe.

Kijana wa mdahalo angeweza kuniuliza: basi sheria ilifaa nini? Ni swali zuri. Sheria ya ndege ilikuwapo, bwana nyama alikuwapo, na bado mtu alikufa na aliyemwua akarudi kwao. Jibu langu ni hili. Sheria ya Florida ilikuwa ya jimbo moja, na soko la manyoya lilikuwa New York, mbali sana. Bradley aliwekwa kuzuia mto kwa kiganja chake huku chemchemi ikiachwa wazi. Kifo chake kiliwastusha watu. Mwaka 1910 jimbo la New York lenyewe likakataza biashara ya manyoya ya ndege wa mwituni, na mwaka 1913 serikali ya nchi nzima ikakataza kuyaingiza manyoya kutoka ng'ambo.

Ilibaki shida ya ndege wanaosafiri. Bata mwitu huzaa Kanada, hupita majimbo kumi, na hukaa miezi ya baridi kusini. Jimbo la kaskazini likimlinda na la kusini likimwua, ulinzi ni wa bure. Mwaka 1913 Bunge lilitunga sheria ya ndege wahamao kwa nchi nzima, lakini mahakama mbili zikasema kwamba kwa katiba ya Marekani mambo ya kuwinda ni ya majimbo, wala Bunge halina mamlaka nayo. Wanasheria wa serikali wakatafuta njia nyingine, na njia yenyewe ilikuwa ya werevu. Serikali ya nchi nzima ndiyo yenye mamlaka ya kufanya mikataba na mataifa mengine. Tarehe 16 Agosti 1916 Marekani ikatia sahihi mkataba na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, wa kuwalinda ndege wahamao kati ya nchi hizo mbili. Tarehe 3 Julai 1918 Bunge likatunga sheria ya kuutimiza. Mwezi Februari wa mwaka huo huo, katika bustani ile ile ya Cincinnati, alikuwa amekufa kasuku wa mwisho aliyejulikana wa kabila la Carolina. Yeye sheria ilimchelewa.

Jimbo la Missouri halikukubali. Lilimshtaki Ray Holland, bwana nyama wa serikali kuu, ambaye alikuwa hata amemkamata Mwanasheria Mkuu wa jimbo kwa kuwinda bata wakati usioruhusiwa. Missouri ikasema: ndege walio katika ardhi yetu ni mali yetu. Shauri likafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1920 majaji saba kwa wawili waliikataa hoja hiyo. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika hukumu, na maana yake kwa ufupi ni kwamba mali huanza kwa kumilikiwa, na ndege wa mwituni hamilikiwi na mtu. Jana hakuwapo, kesho atakuwa jimbo jingine, na baada ya wiki moja atakuwa maili elfu moja mbali. Jimbo lililomwona anapita haliwezi kudai kwamba ni lake. Tena bila mkataba na sheria, alisema, huenda pasiwe na ndege wa kugombania. Hapa mwaona lile swali letu la mwanzo limejibiwa kwa namna ya ajabu. Kule kukosa mwenyewe, ambako zamani kulimfanya ndege asiwe na mtetezi, sasa ndiko kulikoipa serikali sababu ya kumlinda.

Sheria ile hukataza kumfuatia, kumwinda, kumnasa, kumwua, kumwuza, kumnunua au kumsafirisha ndege ahamaye, pamoja na manyoya, viota na mayai yake, ila kwa kibali. Mikataba mingine ikaongezwa: na Mexico mwaka 1936, Japani mwaka 1972, na Urusi ya Kisovieti mwaka 1976. Leo huhusu aina zaidi ya 1,000. Wanaodhani kwamba ilikataza uwindaji wamekosea. Bata huwindwa Marekani kila mwaka kwa majira na kwa idadi, na tangu mwaka 1934 kila mwindaji wa bata aliye mtu mzima hununua stempu ambayo fedha zake hununulia na kutunza vinamasi. Wala haiwalindi shomoro wa mjini walioletwa kutoka Ulaya. Kwa hiyo anayesema kwamba sheria hii humpenda ndege kuliko mtu hajaisoma.

Sasa tufike penye ugomvi wa siku hizi, nami nawaomba msichoke, maana hapa ndipo pa kujifunza. Sheria yasema kuua ni kosa kwa njia yoyote na kwa namna yoyote. Je, hiyo ni pamoja na kuua bila kukusudia? Katika visima vya mafuta huwa na mashimo wazi ya mafuta machafu. Kutoka angani ndege huyaona yanang'aa kama maji, hushuka kunywa, na hawaondoki tena. Idara ya serikali ilikadiria kwamba ndege 500,000 hadi milioni moja walikufa hivyo kila mwaka. Dawa yake ni wavu juu ya shimo, au tangi lenye kifuniko. Tangu miaka ya 1970 serikali iliwashtaki wenye makampuni ambao hawakufunika. Mwaka 2010 kisima cha kampuni ya BP kililipuka katika Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa karibu miezi mitatu. Kati ya mengi ambayo kampuni ilikiri, moja lilikuwa kuivunja sheria ya mwaka 1918, na kwa hilo peke yake ililipa dola milioni 100 kwa ajili ya vinamasi.

Mwezi Desemba 2017 mwanasheria wa wizara husika alitoa tafsiri mpya kwamba sheria hukataza kuua kwa makusudi tu. Kwa tafsiri hiyo, aliyemwaga mafuta hakukusudia kumwua ndege, basi hana kosa juu ya ndege. Agosti 2020 Jaji Valerie Caproni, katika mahakama ya New York, aliifuta tafsiri hiyo kwa kuwa haikupatana na maneno yenyewe ya sheria. Januari 2021 serikali ikaiandika tena kuwa kanuni. Oktoba mwaka huo serikali iliyofuata ikaiondoa. Na mwaka 2025 wizara ikairudisha ile tafsiri ya mwaka 2017. Mahakama za rufani zenyewe zimegawanyika, nyingine zasema hivi, nyingine vile.

Wenye tafsiri finyu wana hoja ambayo si ya kuchekwa. Wasema, kama kuua bila kukusudia ni kosa, basi mwenye nyumba yenye dirisha la kioo ni mhalifu, na mwenye paka, na dereva wa gari. Sheria isiyo na mpaka humfanya kila mtu kuwa mhalifu, akingojea huruma ya mwendesha mashtaka. Nakubali kwamba kungojea huruma si jambo jema, na kwamba ingekuwa afadhali kuweka vibali vyenye masharti wazi: fanya moja, mbili, tatu, na hutashtakiwa. Lakini miaka zaidi ya 40 waliokuwa wakishtakiwa hawakuwa wenye paka. Walikuwa watu waliojua hatari, wenye uwezo wa kuizuia kwa gharama ndogo, na ambao hawakuizuia. Sisi wenyewe hatulali na wazo kwamba muuza nyama mbovu hana kosa kwa kuwa hakukusudia kumwua mtu. Twamwambia: ilikupasa kuangalia. Tena fikirini: siku hizi ni nani anayeua yangeyange kwa kusudi? Kofia zile zimo katika majumba ya makumbusho. Mauaji makubwa ya leo ni ya mafuta, nyaya za umeme, sumu za shamba na vinamasi vilivyokaushwa, na hakuna hata moja kati ya hayo linalofanywa kwa nia ya kuua ndege. Sheria inayotazama nia peke yake inamlinda ndege na adui aliyekwisha kuondoka.

Je, sheria hizo zimeleta faida? Yangeyange wa Florida, waliokuwa karibu kwisha, wamerudi, na leo ni ndege wa kawaida. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 wataalamu walichapa katika jarida la Science hesabu iliyoonyesha kwamba tangu 1970 Amerika ya Kaskazini imepungukiwa na ndege karibu bilioni 3, yaani zaidi ya robo. Wapinzani waweza kuishika hesabu hii na kusema, tazama, sheria haifai. Lakini isomeni mpaka mwisho. Katika hesabu ile ile, bata na bata bukini wameongezeka. Wao ndio wenye majira ya kuwinda, wenye stempu, na wenye vinamasi vilivyonunuliwa. Waliopungua sana ni ndege wa majani, ambao mahali pao pamelimwa. Sheria ya kumkataza mtu kupiga risasi haizuii trekta.

Sasa nirudi kwetu, maana kijana alisema haya ni mambo ya nchi tajiri. Katika Buganda kuna ukoo wa Ngaali, ambao muziro wake ni korongo taji, na ukoo wa Nnyonyi Nnyange, ambao muziro wake ni yangeyange. Mtu wa ukoo hamli ndege wa ukoo wake. Mwiko huu haukuletwa na Mwingereza wala haukuandikwa na Bunge. Babu zetu, ambao hawakuwa matajiri, waliona yafaa ndege fulani awe na watu wa kumtetea, na wakampa ukoo mzima. Sisemi kwamba walifikiri kama wataalamu wa leo. Nasema tu kwamba wazo la kumkataza mtu ndege si geni hapa.

Na korongo taji huyo, ambaye yumo katika bendera yetu na ambaye timu yetu ya taifa ya mpira huitwa kwa jina lake, hali yake si nzuri. Mwaka 1985 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 katika Afrika; mwaka 2004 walikadiriwa kati ya 50,000 na 64,000. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini. Hukamatwa akali kinda ili akauzwe, mayai na manyoya yake hutafutwa kwa dawa, na sumu ya shambani humwua. Zaidi ya yote, hujenga kiota chake katika kinamasi, na vinamasi vinakaushwa ili kulima. Sheria yetu ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ni kali sana. Kwa aliye hatarini kutoweka, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Naiunga mkono, ila naogopa tusije tukadhani kwamba ukali wa adhabu ndio ulinzi. Tukimfunga mwizi wa kinda mmoja, na jirani yake akakausha kinamasi chenye viota ishirini bila kuulizwa neno, tumefanya kama Wamarekani wa tafsiri ya 2017.

Mabamba, upande wa magharibi wa Entebbe, panatupa mfano wa pili. Huko huishi bulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Zamani wavuvi walimchukia, kwa kuamini kwamba mvuvi akimwona hapati samaki siku hiyo, na wengine walimwua. Mwaka 2006 ghuba ya Mabamba iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya vinamasi vyenye thamani kwa dunia nzima. Leo wapo wavuvi wanaowachukua wageni kwa mtumbwi kwenda kumtazama bulwe, na mgeni asipomwona, ndipo mwenye mtumbwi huona siku yake imekuwa mbaya.

Wako pia ndege wasio wetu peke yetu. Mbayuwayu wa uwanjani ana uzito wa gramu 20 tu, na safari yake huvuka jangwa la Sahara mara mbili kwa mwaka. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria moja ya ndege tangu mwaka 1979, nayo pia hugombaniwa: Aprili 2015 watu wa Malta walipigiana kura juu ya uwindaji wa masika, yaani kuwapiga ndege wanaorudi kutoka Afrika kwenda kuzaa, na waliotaka uendelee walishinda kwa kura chache sana. Na upo mkataba wa ndege wa majini wa Afrika, Ulaya na Asia, uliofanywa The Hague mwaka 1995 na kuanza kazi mwaka 1999. Uganda, Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Tukiwaambia Wazungu wasiwapige korongo weupe wanapopita kwao, nao wana haki ya kutuuliza twawafanyia nini wanapokaa kwetu Desemba na Januari.

Wako wenzangu watakaotaja kwelea, ambao hushuka kwa maelfu juu ya mtama na mpunga wa mkulima. Neno lao ni kweli, wala sheria haimkatazi mkulima kuokoa chakula chake. Ila apewe njia isiyoua kila chenye mabawa, maana sumu inyunyizwayo mitini usiku haichagui, na tai alaye mizoga ya kwelea naye hufa.

Kwa wanafunzi wa vidato vya juu, na kwa wazee wa shule walio mawakili, naacha shauri moja la kuamua. Mvuvi wa Ziwa Victoria ametega wavu wake kihalali, akauacha siku tatu bila kuutazama kwa kuwa alikwenda mazishini. Aliporudi alikuta samaki, na pamoja nao mnandi wanane na bata mwitu wawili waliokufa. Mwenye shamba jirani yake amechimba mfereji uliokausha kinamasi, na viota vinne vya korongo taji vimeachwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kumwua ndege. Mkiwa Bunge, mngeandika sheria yenye maneno gani, na ingemshika yupi? Majibu yapelekwe kwa Mhariri kabla ya wiki ya mitihani, yasizidi kurasa mbili.